Daftari la Matumizi

Daftari bado lanuka dawa ya mbu.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Bwanaheri umenyooka:
punda wawili, wameuzwa. Bangili za mama, rehani.
Miezi saba Asia, na mabegi mgongoni.

Varanasi: chumba bila feni, rupia mia nne.
Chai ya bure. Haikuwa ya bure.
Hanoi, basi la usiku, herufi zimelala ubavu;
tulinuniana hadi alfajiri kwa bei ya embe.
Chiang Mai: homa, daktari. Kalamu ikakauka,
nikaendelea kwa wanja:
mama mwenye nyumba kakataa hela za siku tatu.

Bangili hazijarudi.
Punda mmoja namwona Langoni, kabeba mchanga wa watu,
ananikazia macho kama mdai.

Jana wamebisha vijana, mtu na mkewe,
mabegi yamewapita vichwa.
Wanataka chumba cha juu, tuwapunguzie mia mbili.
Bwanaheri akakunja uso. Nikamkanyaga kidole.
Mia mbili! Mimi naijua inunuacho:
bakuli la supu,
au ugomvi wa kutwa.

Nikawawashia feni.
Kisha nikatafuta wanja,
nikaandika chini ya yule mama:
nimepunguza mia mbili.