Dakika Kumi na Mbili

Barua imekuja katika bahasha yenye dirisha.
Jina la kaka yangu wamelikosea, Vahan wameandika Vaham,
lakini saa zake wamezipiga hesabu barabara.
Kuoga: dakika kumi na mbili.
Kuvaa: nane.
Kula: kumi na tano, kijiko kikianguka kisianguke.

Aliyepima alikaa jikoni kwetu Fresno nusu saa,
akanywa kahawa ya mama, akaisifu,
akabonyezabonyeza kishikwambi chake.
Hakumwona Vahan, mtu mzima wa miaka thelathini na minne,
akibisha hodi mlangoni pa bafu, mara tatu,
akingoja kuitikiwa.
Delfina ndiye huitikia kutoka ndani,
"Karibu, bwana mkubwa!"
Miaka tisa sasa.
Naye huingia akicheka, maji yameshapoa.

Hodi haina safu kwenye fomu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Chetu kinachotwa haba kwa haba:
mwaka juzi Jumamosi, mwaka jana jioni,
sasa asubuhi. Asubuhi yenyewe!

Mama ana nyonga ya chuma.
Anasema, "Nitamwogesha mimi, si ndiye mimi niliyeanza?"
Hasemi yeye atashikwa na nani.

Tunakata rufaa. Nimejaza kurasa sita.
Penye "mahitaji mengine" nimeandika:

Jumatatu, ya kwanza bila Delfina,
alibisha mara tatu.
Nilikuwa natafuta taulo.
Akabisha tena tatu.
Bado amesimama pale, ameshika sabuni.
Tafadhali, hesabuni.