Sikio Moja

Gari la maji, galoni elfu tano, Ghala hadi Amerat,
joto digrii arobaini na sita, na saa tano haijafika,
na masikioni mwangu kijana wa kwetu
asiyejua hata bei ya panga
anachinja watu kwa vina vizuri.

Nakiri, vilikuwa vizuri.
"Mlima ule haupandiki kwa pambio," nilimwambia Shemasi Elifasi,
"unataka ngoma ya kusukuma injini."
Naye: "Kinachoingia sikioni, Mwakio,
hakilali huko. Hushuka mkononi."
Nikacheka. Hata katika nyimbo takatifu
upo mmoja unaoomba damu; tumeuimba, hatujaua.
Na msimamizi wetu hasikilizi wimbo wowote,
ni mtu wa kimya na chai ya tangawizi,
na pasipoti zetu zimo kabatini mwake mwaka wa tatu.

Halafu ikaja Jumanne ya mpira.

Dilbahadur, utingo wangu, Mnepali wa maneno machache,
mpira ulimponyoka, maji yakaruka,
yakalowesha chapati zetu za mchana juu ya boneti,
na kofi likawa limeshatoka.
Sikulituma. Au nililituma zamani
na siku ile ndipo lilipofika.
Kofia yake ilianguka kwenye tope jeupe.
Akainama, akaiokota, akaipangusa kwa paja.
Kisikilizi kimoja, kikining'inia kifuani mwangu,
kiliendelea kuchinja, sauti ndogo, kama mbu.

Ijumaa (huku Jumapili yetu ni Ijumaa)
nilisimama mbele ya watu nikasema: nimempiga mtu.
Wakamshukuru Mungu kwa ushuhuda.
Wakapiga makofi.
Neno hilohilo, kofi, na hakuna aliyeshtuka.
Elifasi akaichukua simu, tukafuta nyimbo arobaini na moja,
mmoja mmoja, kama watu wanaong'oa kupe.
"Sasa mkono umepona," akasema.
Nikautazama. Ulikuwa uleule,
na sugu zake za usukani.

Usiku, kitanda cha juu, feni ikilalamika:
Bwana, usinipe wimbo wa kusingizia.
Ningeupokea haraka mno.

Wiki ile niliendesha bila kitu masikioni.
Kilomita kumi za kwanza nilisikia injini.
Ya kumi na moja nikasikia mtu anaimba.

Dilbahadur. Midomo imefumbwa,
wimbo wa kupanda na kushuka kama ngazi,
na penye kona kali anaukata,
ananiachia kona yangu, kisha anaendelea palepale.
Miaka miwili amekaa kando ya bega langu.
Miaka miwili.

Lugha ya kumwomba radhi sikuwa nayo.
Nikamwuliza Mhindi wa duka la matairi,
akanipa neno moja: maafi.
Nikalibeba njia nzima kama yai.
Tulipofika bombani nikalitoa. "Maafi."
Akanikazia macho, kwa sababu kambini,
katika Kiarabu chetu cha vibarua,
mafi maana yake hakuna.
"Hakuna nini?" akauliza. "Maji?"

Nikagusa shavu langu, pale nilipompiga yeye.
Nikalisema tena.

Sijui alisikia msamaha au alisikia hakuna.
Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.
Kisha akanikabidhi mpira, niushike mimi,
naye akapanda juu kufungua tangi.

Jana, mlimani, nilirudisha wimbo mmoja wa yule kijana.
Shemasi sijamwambia. Mguu wangu bado unaujua.
Niliuweka sikio la kushoto tu;
la kulia, la upande wa Dilbahadur, likabaki wazi.
Kwenye kona kali akanyamaza.
Nami nikashusha sauti,
nikangoja aanze.