Ua wa Mererid

Walichukua kwanza toroli,
kisha sepetu ya marehemu, mpini umelainishwa na viganja vyake,
kisha, usiku wa mvua ya mawe,
kabichi zote, zimekatwa shingo,
na nyayo mbili zikabaki kwenye tuta la karoti,
mmoja umeelekea nyumba.

Polisi wa Cwm Eithin alikuja siku ya tatu,
akaandika, akanywa chai, akasema: Funga mlango wa nyuma.
Mlango gani? Bustani ina pengo tu,
upana wa mtu mmoja na kapu,
kati ya ukuta wa mawe na kibanda cha Idwal.

Basi Mererid akataka ua.
Si ua la kunusa. Ua wa kuzuia,
na usiku ule angelitamka neno hilo hilo
kama amri.

Kitaluni, chini ya paa la plastiki linalodondoka,
Tegwen alimpitisha kama mtu anayemwonyesha mgeni mbwa wake:
huyu anauma, huyu anabweka tu.
Holi ina majani yenye pembe, ila hukua polepole,
"utazikwa kabla haijakufika kiunoni."
Baberi, miiba mitatu mitatu, imekaa kama mafiga,
na badala ya chungu, kidole chako.
Mwiba mweupe, mama yake aliukataza usiingie ndani,
hata kitawi kimoja kwenye glasi;
unanuka chumba cha maiti.
Mwiba mweusi:
hapo Tegwen akavua glavu,
akaonyesha kidole kilichokataa kupinda.
"Ncha ilivunjikia ndani. Mwaka wa sita huu."
Mererid akakitazama
kama wengine wanavyotazama kito.
"Nipe ishirini."

Alipanda Novemba, mizizi mitupu,
amepiga magoti juu ya gunia,
kwa kila shimo akinung'unika:
Toroli. Sepetu. Kabichi.
Alipofika kwenye pengo aliongeza miche mitatu.

Mwaka wa kwanza, fito.
Mwaka wa pili, fito zenye hasira.
Machi ya mwaka wa nne, kabla jani halijathubutu,
mstari mzima ukawaka mweupe
katika baridi ile inayokata masikio,
naye akasimama dirishani na kikombe,
akasahau kwamba alipanda silaha.

Aprili wezi walirudi.
Walipitia mbele, langoni,
komeo halikuwa limerudishwa.
Walichukua mkasi wa kupogolea ua.

Alicheka mpaka akakaa chini.
Akataka kumsimulia mtu. Akaenda,
kwa mazoea ya miaka thelathini, kuelekea pengo,
nalo halikuwepo.

Hapo ndipo alipohesabu:
tangu lini Idwal hajaja na liki zake ndani ya gazeti,
kiwiko mbele, akisema Ni mimi tu?
Mwizi na jirani walikuwa na njia moja.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,
wala hakuwepo wa kumwambia.

"Idwal!"
Kimya. Redio. Kikohozi.
"Nilidhani hunitaki tena," ikasema sauti upande wa pili.
"Nilijaribu mwaka juzi. Sweta langu limo humo."
Limo: nyuzi za kijani,
na ndege mdogo wa kahawia amekwisha kuzifuma kiota.

Kukata hawezi. Mkasi umeibwa,
na mayai manne yamo.
Kwa hiyo Idwal hufunga liki kwenye meno ya reki,
huinyanyua juu ya miiba, mikono ikitetemeka,
naye Mererid hupokea,
huning'iniza kipande cha keki, huachia reki irudi.

Jana keki iliangukia katikati.
Wanaiona wote wawili,
kila mmoja kutoka upande wake,
na hakuna anayeifikia.