Mshipa

Ulianza kwenye kidole gumba, mwaka juzi,
msimu chai ilipokubali kuliko misimu yote:
majani mawili na kichipukizi,
majani mawili na kichipukizi,
halafu gumba likaachia.
Sikuhisi kitu. Hicho ndicho kilichonitisha,
kutohisi.

Karani wa mizani akasema, Atupakisye,
jana arobaini na moja, leo kumi na tisa?
Umegombana na kikapu?
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka,
nimeupakata mkono wangu kama mtoto aliyesinzia.

Walisema nimeulalia. Walisema ni baridi ya Rungwe.
Wifi yangu akaleta mafuta ya nyonyo, akakanda
kutoka kiganjani, kiwiko, kwapa,
mpaka juu ya mtulinga. Hapo vidole vyake vikasimama.
"Wifi, huku kuna kitu kinapiga."
Akatega sikio. Akafunga chupa.
Hakunikanda tena.

Tangu hapo nalala na mioyo miwili,
mmoja niliozaliwa nao,
mwingine mdogo, amejenga bila kibali.

Mbeya, Daktari Mwalyego alichora nyuma ya cheti:
mizizi mitano inatoka shingoni,
inapishana, inaungana, inaachana tena
kama vijia vya kwetu vinavyoteremka Kiwira,
kila kimoja kina mlango wake kinaoujua.
"Hii ni mishipa," akasema. "Ya fahamu."
Akachukua kalamu nyekundu.
"Na uvimbe huu nao ni mishipa. Ya damu.
Umeota katikati. Umejisuka humo humo."
Nikamwambia, Daktari, mishipa na mishipa?
Akanyamaza. Akaitazama kalamu.
"Ndiyo, mama. Hata kwa maneno
nashindwa kuitenganisha."

Akaita wanafunzi. Tisa, mikono ya barafu,
walinigusa mmoja mmoja kwa adabu ya msibani.
"Mshikeni vizuri," akawaambia,
"huenda msiuone tena maishani."
Basi nami nina kitu adimu,
mimi ambaye hata kitenge changu
kanisani huwa tunakivaa sita.

Watapasua. Saa saba, labda nane.
Watakata uzi mwekundu, wauache mweupe,
na damu yenyewe haipendi kusubiri.
Wakikosea, mkono utaning'inia kama wa koti.
Wasipopasua, utaning'inia vilevile,
ila polepole, kwa heshima.
Mume wangu anauliza gharama.
Mimi nauliza kama gumba litaamka.
Daktari anajibu swali la mume wangu.

Usiku, mvua juu ya bati la Katumba.
Lugano ananifunga kilemba, kwa kuwa fundo linanishinda,
kisha anaweka kiganja pale.
"Mama, kinasema nini?"
Kinahesabu.
"Kinahesabu nini?"
Nikamwambia alale, kesho shule.

Nimeanza kuufundisha mkono wa kushoto.
Unachuma kama mgeni aliyekuja na viatu vizuri,
unang'oa mashina, unaacha chipukizi.
Miaka thelathini na minne umekaa bure
ukishika tu alichochuma mwenzake,
sasa unaulizwa kazi, unatetemeka.

Leo umepata kilo nne.
Karani ameandika nne.
Hakutania.