Neno la Ndia

Kompyuta kumi na mbili, ziliingia kwa punda,
Zimetoka shule mbali, ambako zilishavunda,
Kuwasha, zataka mali, muda wake umekwenda,
Bi Mwanaheri akenda, dukani kwangu kunita.

Mimi fundi wa simu tu, kibanda changu Langoni,
Pembeni fundi viatu, na dobi mwenye utani,
Nikatoa flashi tatu, zimefungwa kitambani,
Bi akauliza: "Nini?" "Linuksi," nikamjibu.

"Bei?" "Bure." Akaguna: "Rahisi ni ghali, Shee.
Nani huyo muungwana, apikaye atulee?"
Nikamwambia: "Hapana, ni wengi, tusiwajue,
Na upishi, uusome, hawakuficha viungo.

Famau, haluwa yake, hupika kajifungia,
Hata mwana, hata mke, hajui anachotia,
Siku roho imtoke, ladha nayo yajifia,
Hii yetu, ukijia, sufuria iko wazi."

Tukaanza Jumatatu, umeme ukatutupa,
Tukarudi saa tatu, betri ya boti nakopa,
Ikawaka, giza butu, herufi mbio zachupa,
Bi Mwanaheri kaapa: "Ushaniulia hii!"

Nikamwambia: "Tulia, hili ndilo daka lake,
Mgeni akifikia, abishe hodi, aweke
Jina na neno la ndia, na mlango ufunguke,
Ndani kuna vyumba vyake, si kila mtu apite.

Wanafunzi wa msana, mwalimu msana yuu,
Ndani, huko hutaona, ila mzizi, mkuu,
Yeye aweza kuchana, nyumba, isibaki guu."
Na mzizi ndimi huu, vidole vikanicheza.

Asubuhi wasichana, wakaja na buibui,
Kila mmoja na jina, na neno hatulijui,
Wakiketi wakibana, viti vikawa adui,
Nikataja panya: "Ui!" Miguu juu ya meza.

Ramadhani, saa tisa, nasinzia nina njaa,
Nafasi moja, makosa, pasipo pake kukaa,
Mafaili ya darasa, yakayeyuka, balaa!
Haikusema, "Jamaa, una hakika?" Kimya tu.

Kumbe Mwanasha wa Lali, aishiye Matondoni,
Ameandika miwili, mistari, hana uneni,
Huweka zake nakili, kila usiku gizani,
Mashine mbovu, ngazini, isiyo hata kioo.

Feni yake yakoroma, kama paka wa sokoni,
Siku mia yasimama, bila kuzimwa, amini,
Chumvi imeila nyuma, kutu yafika begani,
Yatoa toka tumboni, darasa lote kamili.

Akaja mwenye kufuli, kwa ndege, na tai shingo,
Laini yake kauli, bei nayo ina gongo,
Kila mwaka, mia mbili, dola, kwa kila mlango,
Bi, bila neno la wongo, kamuonesha gatini.

Mwanasha, neno la kombo, kaona: "Limejifia,"
Kacheka, kashika tumbo: "Faili! Nani kulia?"
Akatunga pasi tambo, "halipo" akatumia,
Wageni wakaridhia, wakaliweka mahali.

Karani akikosea, huko Songea, faili,
Kioo chamletea, neno la binti wa Lali,
Husonya, kaendelea, asiulize asili,
Naye Mwanasha, kwa kweli, hajapanda hata basi.

Si kwamba yote ni sawa, printa bado yatususa,
Nimekesha, nimekawa, kusoma na kupapasa,
Na Famau kwa haluwa, yuko kimya hadi sasa,
Yetu, hata kwa makosa, sufuria haifichwi.

Juzi Mwanasha kaomba, neno la mzizi, pole,
Nikawaza hii nyumba, na ile nafasi ile,
Kikaratasi chembamba, nikaliandika lile,
Nikanena: "Soma, ule." Kakitafuna, kacheka.