Julai, Nyuma ya Elburgon

Wengine hukikimbia kipupwe, huenda Mombasa kwa watoto wao.
Sisi hutoka kukilaki,
saa moja kasorobo, ukungu ungali
umelala chali juu ya mashamba ya viazi.

Gathitu huvaa kabuti lake la kiwandani,
lile lenye tundu la cheche kwenye kiwiko,
nami gambuti za kijani, soksi mbilimbili.
Jirani yetu Chepkwony hutuuliza langoni kila siku,
"Mnakwenda wapi na baridi hii? Mnatafuta nini?"

Tunatafuta baridi, Bwana Chepkwony.
Miaka thelathini na mmoja ilitupitia dirishani,
yeye katikati ya misumeno,
mimi nyuma ya wavu wa posta, nikilamba stempu.

Njia yapita ubavuni mwa shule, yavuka reli.
Kwenye nyasi za bondeni kuna sakitu,
nyembamba, kama chumvi iliyomwagwa na mpishi mchoyo,
nasi twaikanyaga makusudi, krrr, krrr,
watu wazima na pensheni zetu.
Baridi ya huku si ya kuua. Ni ya kufinya:
hukufinya pua, hukufinya masikio,
kama shangazi ambaye hajakuona tangu ubatizo.

Daftari langu la ndege nililitoa kazini,
lina mistari myekundu na safu ya uzito.
Hondohondo nawaandika rejista, kwa kelele zao.
Chiriku ni barua za kawaida, nyingi, hazina haraka.
Shorobo akikatiza juu ya mizeituni mwitu,
bawa jekundu mara moja, basi,
huyo ni telegramu.
Mbega siwaandiki, si ndege.
"Waandike vifurushi," asema Gathitu,
"tazama walivyofungwa manyoya."
Nikawaandika vifurushi. Saba. Mmoja mdogo, mweupe tupu,
hajafunguliwa.

Kijito kilikuwa kinatoa moshi.
Hapo, kwenye mwerezi ulioinama kidogo,
akasimama, akavua glovu,
akaweka kiganja chake cha vidole vinne juu ya gome.

"Huu uliandikiwa kifo mwaka wa themanini na tatu."

Nikaiona nambari, iliyogongwa kwa nyundo,
gome limevimba pande zote laifunga
kama mdomo wa mtoto aliyeficha peremende.

"Nilimwambia msimamizi mnyororo umekatika."
"Ulikuwa umekatika?"
"Wapi!"

Namjua mtu huyu. Huhesabu misumari.
Hurudisha shilingi tano dukani, kwa miguu, kwenye mvua.
Na sasa anacheka mbele yangu kama mwizi wa miwa,
machozi ya baridi yakimtoka, au si ya baridi,
anaupiga mti mgongoni, pu, pu,
kama rafiki waliyetoroka naye shule.

Nami ninayo yangu.
Bahasha ya kaki, mwaka wa themanini na tano,
kutoka karakana ya meli, Mombasa,
jina lake limepigwa taipu, herufi ya G imeruka juu.
Ilikaa wiki tatu chini ya mizani yangu
kabla ya kupata njia ya kumfikia.
Kazi, akaambiwa, ilikwisha chukuliwa.
Nilikuwa na mimba ya Wairimu. Niliogopa joto.
Nilifungua mdomo nimwambie,
ukatoka mvuke tu.

Akadhani nahema.
Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa,
akanipulizia kwanza yeye,
ingawa hakuna kitu Elburgon mwezi huu
kinachohitaji kupulizwa ili kipoe.

Kesho, pengine. Kipupwe kina wiki sita bado.

Tulirudi kwa reli, tukiruka taruma mojamoja,
yeye akizigonga kwa fimbo, akizitaja kwa jina la mti:
msonobari, msonobari, hii siijui, msonobari.
Langoni Chepkwony yupo, blanketi begani.
"Haya, mmepata mlichokuwa mkitafuta?"
Gathitu akamwonyesha pua yake,
ikidondoka.