Mstari Mweupe

Miaka kumi na tisa nakaa chini ya kiti cha jaji,
vidole juu ya mashine, naandika kila kinachosemwa.
Sijaulizwa hata siku moja naonaje.

Leo Jumanne. Nje theluji chafu imerundikwa ukutani.
Ndani, Naibu Sherifu Kettleson ameapa, anasema:
Gurudumu la kulia lilikanyaga mstari mweupe.
Mara ngapi?
Mara moja.
Kwa muda gani?
Anawaza. Naandika: kimya.
Sekunde moja. Pengine mbili.
Na ulikuwa umelifuata gari hilo umbali gani?
Tangu kituo cha mafuta cha Harlow. Maili saba.
Kulikuwa na upepo?
Bwana wakili, hapa Nebraska upepo haulali.
Watu wawili wanacheka. Kicheko hakiandikwi.

Mshtakiwa hakucheka.
Emory Dvoracek, fundi wa pampu za visima,
amevaa suti aliyomzikia mkewe mwezi Agosti,
bado ina mkunjo wa sanduku begani.
Garini walikuta chupa ya vidonge vya maumivu
yenye jina la marehemu. Vidonge ishirini na vitatu.
Lakini vidonge si swali la leo.
Swali la leo lilitangulia vidonge:
zile taa nyekundu na buluu ziliwaka kwa haki gani?

Mwendesha mashtaka anasema dalili ya mvua ni mawingu.
Wakili Tedesco anainuka polepole, goti linamsumbua.
Taa ya nyuma iliyokufa, anasema, hiyo sababu.
Namba iliyofunikwa matope, sababu.
Kasi iliyopimwa, sababu.
Ila maili saba za kumvizia mtu hadi ateleze,
hilo ni wingu ulilolipuliza mwenyewe.
Kabla polisi hajamwambia mtu simama,
shaka lake lenyewe liweze kusimama,
hapa, kwa miguu yake, mbele ya jaji.

Jaji Kolterman anavua miwani.
Uamuzi Ijumaa, saa tatu asubuhi.
Naandika: saa tatu asubuhi.

Narudi nyumbani kwa barabara ileile.
Mashamba yamevunwa, hakuna cha kuzuia upepo,
unatoka kaskazini na kuligonga gari ubavuni
kama ng'ombe anayetafuta njia.
Nikaanza kuhesabu. Sikukusudia.
Mara ya kwanza lori la nguruwe lilinipita.
Mara ya pili nilikuwa nafunga kizibo cha chupa ya kahawa.
Ya tatu sijui. Nilisikia tu tairi likikwaruza
zile pindo za lami zilizochongwa kuwaamsha waliolala.

Kisha taa kwenye kioo.
Mbali, halafu si mbali.
Sina kosa. Bima nimelipa, leseni imo pochini,
mkanda umenibana shingoni kama kawaida.
Hata hivyo nikashika usukani kwa mikono miwili
kama msichana wa mtihani,
nikautazama mstari mweupe, mstari tu,
na kadiri nilivyoutazama ndivyo ulivyonivuta.
Mara ya nne.

Maili mbili alikuwa nyuma yangu. Labda tatu.
Nilijiona nikipanga sentensi za kumwambia,
mimi ambaye kazi yangu ni sentensi za wengine.
Kwa akina Pospisil akakata kushoto,
taa zikaruka juu ya ghala, mbwa akabweka.
Mkulima tu. Anarudi kula.

Sasa nimezima gari, sijashuka.
Jikoni mume wangu amewasha taa, ananisubiri.
Ijumaa jaji atasoma, nami nitaandika
upande wowote utakaoangukia,
bila kukosea herufi.

Nyuma ya risiti ya mayai
nimeandika kwa kalamu: nne.
Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyofunzwa,
saa, tarehe, na hali ya upepo.